Kamera ya filamu ya pembe pana: ipi ya kununua kwa kazi

Kama picha ndizo zinazokulisha, usianze na sura ya kamera. Uliza kwanza: siku ikigoma, fundi ataweza kuifungua na kuirudisha kazini? Kwa kipimo hicho, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Hasselblad SWC/M. Haina kioo cha kuakisi ndani, ndiyo maana lenzi yake, Biogon ya milimita 38, imesogea karibu kabisa na filamu, na kuta za jengo hutoka zimenyooka mpaka pembeni. Haina betri. Shata yake, yaani mlango unaofunguka kuruhusu mwanga, ni springi na gia tu, fundi stadi anaimudu. Umbali utaukadiria kwa macho, lakini ukiifunga lenzi mpaka f/22, tundu lake dogo kabisa, kila kitu kuanzia chini ya mita moja hadi upeo wa macho hutoka wazi. Ninachokipenda zaidi ni kile kipovu cha kupimia usawa, unakiona humohumo kwenye kitazamio. Kwa lenzi pana hivi, ukiinamisha kamera kidogo tu nguzo zinalala.

Ukiishika, weka shata kwenye sekunde moja, piga, sikiliza. Mlio uende mfululizo mpaka mwisho. Ukisita katikati, mafuta yameganda: toa gharama ya fundi kwenye bei kabla hujakubali. Kisha mulika lenzi kwa tochi. Vumbi lisikutishe, lakini nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, irudishe. Piga na rola moja ya filamu ya majaribio pia: picha zikipandana, sanduku la filamu nyuma ya kamera limechoka.

Ya pili, Fuji GSW690III, lenzi ya milimita 65. Nayo haitegemei betri, na hasi zake (picha kwenye filamu yenyewe) ni kubwa mno, sentimita 6 kwa 9, ila rola ya filamu ya saizi 120 inakupa picha 8 tu. Igeuze utazame kihesabio chini yake ujue imetumika kiasi gani: kila namba ni picha kumi.

Mamiya 7 yenye lenzi ya milimita 43 ni nyepesi na lenzi hiyo ni kali ajabu, lakini betri ikiisha shata imekufa. Beba ya akiba.

Hasselblad XPan naiweka mwisho. Picha zake ndefu za milimita 24 kwa 65 zinavutia sana, lakini roho yake ni elektroniki, na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Inunue ikiwa tayari una kamera nyingine ya kazi.