Kamera ya safari za pikipiki: iwashe kwanza, uone lenzi inafanya nini

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba watu wanaiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Nilizipanda zote Oktoba kwa Boxer nikielekea Kitulo, kamera mpya ikiwa kwenye mkoba wa kifuani. Kila penye nafasi nilisimama, nikapiga picha ya bonde la Usangu lilivyotanda kule chini. Jioni nilipozitazama, kila picha ilikuwa na doa la kijivu angani, upande wa kulia. Nikafuta lenzi, doa likabaki palepale. Kesho yake yalikuwa matatu. Fundi wa Mbeya aliitazama akasema vumbi limeshaingia ndani, na kamera ya aina ile haifunguliwi hivi hivi. Akiba ya miezi saba ikaishia hapo.

Kwa hiyo leo siongelei megapikseli. Muuzaji atakutajia hizo kabla hujakaa. Nataka tuongelee mdomo wa kamera.

Kamera nyingi ndogo ukiziwasha, lenzi inachomoza. Ukizizima, inarudi ndani. Ule mwendo ni sawa na pampu ya baiskeli: mrija ukitoka, nafasi ya ndani inaongezeka, na hewa inavutwa kupitia upenyo wa pembeni. Mezani haina shida. Lakini ukiwa umesimama kando ya njia ya vumbi, lori limepita sasa hivi, umewasha na kuzima mara arobaini tangu asubuhi, umeivutisha kamera vumbi mara arobaini. Kwenye kamera za kubadilisha lenzi unaweza kulitoa vumbi kwa kipulizio. Kwenye hizi ndogo huna pa kuingilia.

Ndiyo maana Sony RX100 na Canon G7 X, pamoja na sifa zao zote za ubora wa picha, sizipendekezi kwa mtu wa pikipiki. Lenzi zinachomoza. Ni kamera nzuri sana za harusini.

Chaguo langu la kwanza ni OM System TG-7, na nalisema bila kuzunguka: ningekuwa na fedha ya kamera moja tu maishani, ningenunua hii. Lenzi yake haitoki nje kabisa, vioo vinasogea ndani kwa ndani nyuma ya kioo kisichocheza. Mwili umezibwa, inazama maji hadi mita 15, inastahimili kuanguka kutoka mita 2.1, na baridi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi za baridi za Kitulo haziitishi. Lenzi inafunguka hadi f/2.0, yaani inaingiza mwanga mwingi, jambo linalosaidia sana jioni mwanga ukififia. Inachajiwa kwa USB-C, waya uleule wa simu nyingi za sasa. Picha zake ni megapikseli 12 tu, na usiku wa giza inapata tabu. Naikubali hivyo hivyo.

Ndugu yake mkubwa, TG-6 ya mwaka 2019, ina jina la Olympus. Usidhani ni feki: biashara ya kamera za Olympus ilihamia kampuni ya OM Digital Solutions Januari 2021, ndipo jina likabadilika. Ukiipata iliyotumika, fungua vile vifuniko vya betri na chaji, ukague mpira wake. Ukiwa umepasuka au umejaa mchanga, iache. Na ukishainunua, usifungue vifuniko hivyo barabarani. Subiri uingie ndani, ufute kwanza.

Ya pili ni Ricoh WG-80. Nayo lenzi haichomozi, inazama mita 14, inavuta picha karibu (zoom) mara tano, na ina taa ndogo kuzunguka lenzi za kupigia vitu vya karibu kama maua. Picha zake haziifikii TG, lakini vumbi haliingii kirahisi.

Ya tatu ni GoPro, kwa wanaotaka video zaidi kuliko picha. Haina lenzi ya kutoka wala kuingia. Mlima wa mbali, hata hivyo, utabaki kuwa mlima wa mbali.

Ukibanwa kabisa, Kodak WPZ2 inatosha. Zile zisizo na jina, zilizoandikwa 4K na megapikseli 48 kwenye boksi, ziache dukani.

Simu usiifunge kwenye usukani ukaigeuza kamera ya safari. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mitambo ya kutuliza picha ndani ya iPhone. Hata kamera, ivae mwilini. Mwili wako unapokea mishtuko mingi kabla haijaifikia.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei haiandikwi? Unaona picha ya kamera mtandaoni, unauliza, unajibiwa "njoo inboksi". Huko unaulizwa uko wapi na una shilingi ngapi. TG-6 ileile niliambiwa 1,900,000 kwenye duka moja la Kariakoo, na 1,350,000 mlango wa nne kutoka hapo. Yule wa kwanza hakutaka hata niiwashe, eti nitavunja muhuri wa boksi, na muhuri wenyewe ulikuwa selotepu. Aliyeniuzia ile ya madoa aliniandikia waranti ya mwaka mzima kwenye risiti, kisha akaniambia vumbi halihusiki. Mahali hapo ilipoandikwa halihusiki sikupaona, na risiti bado ninayo.

Ukikataliwa kuiwasha, ondoka. Ukiruhusiwa, piga picha ya dari nyeupe, uvute zoom mpaka mwisho, upige tena, kisha uikuze picha kwenye kioo na utafute madoa pole pole. Muuzaji atakuhimiza uharakishe. Msubirishe.