Mustang la 1966 au la juzi? Mwongozo wa kununua gari la misuli la Kimarekani

Theluji ikishayeyuka huku Ohio, simu yangu hujaa picha. Huyu kaona Mustang jekundu la 1966 limewekwa kibao cha "linauzwa" kando ya barabara, yule kaona Challenger jeusi kwenye yadi, na swali ni lile lile: "Kaka, nichukue lipi?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Nayapanga hapa kuanzia lile ambalo mimi ningelinunua kwanza.

Kabla ya orodha, tuelewane kuhusu farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, maana hapo ndipo wengi huingizwa mjini. Gari la misuli lilianza kama ujanja: chukua gari la kawaida la familia, lipachike injini kubwa kuliko saizi yake, liuze kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara ataimudu. Pontiac walifanya hivyo mwaka 1964 na GTO. Waliichukua Tempest na kuitia V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, na kijitabu cha mauzo kikaandika farasi 325. Sasa tazama Toyota Camry V6 ya 2018, gari la kwendea kazini na msikitini: farasi 301. Utasema mzee bado anaongoza. Haongozi. Viwanda vya Marekani vilikuwa vikipima injini ikiwa juu ya stendi, bila alteneta, bila kisafisha hewa, bila ekzosi ya gari lenyewe. Kipimo cha haki, injini ikiwa na vifaa vyake vyote, kilishika kuanzia magari ya 1972. Mwaka 1971 Chevrolet walichapisha namba zote mbili, na Corvette LT1 ile ile ikaonekana ina farasi 330 kwa kipimo cha zamani na 275 kwa kipya. Kwa hiyo namba yoyote ya kabla ya hapo, punguza kama moja ya tano kichwani mwako ndipo ubishane na mwenye Camry.

Halafu breki. Mustang nyingi za 1965 na 1966 zilitoka kiwandani na dramu magurudumu yote manne, na silinda kuu ya breki yenye chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki hata ya gurudumu moja. Vyumba viwili vilikuja na magari ya 1967. Mkanda wa kupita begani kwa viti vya mbele ulikuwa bado si sheria hadi 1968. Kama hilo ndilo litakuwa gari lako pekee, la kuwapeleka watoto shule mvua ikinyesha, ruka namba 2 na namba 5 bila kunung'unika.

1. Mustang GT, 2015 hadi 2023

Hili ndilo ningelipa pesa zangu leo. V8 ya lita 5.0, farasi 435 lilipotoka, 460 kwa ya 2018 hadi 2021, 450 kwa ya 2022 na 2023, na hizo ni za kipimo cha haki. Cha muhimu zaidi ni nyuma: hadi 2014 Mustang la kawaida lilikuwa bado na ekseli moja ngumu, ukikanyaga shimo kwa gurudumu moja mwili mzima unaruka. Kuanzia 2015 kila gurudumu la nyuma linajitegemea, na gari likawa linakata kona kama gari la watu wazima.

Wa Nairobi nao wasikilize hapa. Kizazi hiki ndicho cha kwanza cha Mustang kuundwa kiwandani na usukani wa kulia, likauzwa Uingereza na Australia. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka minane wala la usukani wa kushoto, hivyo Mustang la kutoka Uingereza lisilozidi umri huo linaweza kuingia kihalali, na la kutoka Ohio haliwezi, hata kama bei ni nusu.

Ukienda kulikagua, hofu yako kubwa si injini, ni mwenye gari. Haya magari hununuliwa na vijana wanaoyachezea: programu ya injini imebadilishwa, ekzosi imekatwa, na siku ya kuuza vitu vya awali vimerudishwa haraka haraka. Angalia nati zenye mikwaruzo mipya kwenye gari lenye vumbi la miaka mitano. Tairi za nyuma mpya kabisa na za mbele zimekwisha, jiulize za nyuma ziliishia wapi. Kama ni gia za mkono, ingiza gia ya pili kabla gari halijapata moto. Ikigoma au ikisaga, sanduku lina historia.

Kama V8 si lazima, lile la silinda nne lenye tabo lilikuja na farasi 310. Halina ngurumo, na ukweli ni kwamba nusu ya hela ya gari la misuli unalipia ngurumo. Lakini linaliacha mbali Mustang lolote la kawaida la 1966.

2. Mustang la 1965–66, V8 ya inchi za ujazo 289

Kama gari la pili. Narudia, la pili.

Ford walilizindua tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na katika chini ya miaka miwili wakauza milioni moja. Huo wingi ndio sababu ya kulishauri. Spea zipo hadi leo, mpya, kuanzia kitasa cha mlango hadi bodi tupu nzima. Fundi yeyote aliyewahi kufungua kabureta atalielewa. Halina kompyuta ya kukuzimia gari kwa sababu ya kihisio kimoja.

Langu nililinunua kwa mtu aliyelipaka rangi vizuri mno. Mwezi wa pili tukapatwa na mvua barabarani, na shemeji yenu akaniuliza mbona viatu vyake vimelowa. Nikamwambia labda ni mlango. Haukuwa mlango. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa, na chini yake kuna mfereji wa bati uliofichika ambao maji hupitia. Mfereji ule huoza kwa ndani, usiuone, halafu maji yanadondoka juu ya miguu ya abiria. Kuutengeneza ni kuchomoa vibati vya mbele na kutoboa pointi za kuchomelea moja moja. Nililipa hela ambayo sipendi kuitaja nyumbani.

Basi nenda na chupa mbili za maji. Mimina kwenye yale matundu taratibu, kisha lala chali sakafuni na tochi, tazama juu chini ya dashibodi, upande wa dereva na wa abiria. Likidondoka hata tone, punguza bei au ondoka. Beba pia sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, ipitishe chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Mahali isiposhika, hapo si bati, ni fila, dongo la kuzibia mashimo.

Soma namba ya utambulisho ya gari kwenye kibati cha mlango. Ikianza 6F07C, ni la 1966, kiwanda cha Dearborn, bodi ya paa gumu, na C ni 289 yenye kabureta ya matundu mawili, farasi 200 za kipimo cha zamani. Herufi hiyo ya tano ikiwa T, lilizaliwa na silinda sita. Kuna njia ya haraka zaidi: hesabu nati za gurudumu. V8 za miaka hiyo zilikuwa na tano, silinda sita nne. Ukifungua boneti ukakuta V8 na chini nati nne, mtu alihamisha injini akaacha breki na shokapu za gari jepesi. Hicho ni kimeo.

Ukishalinunua, kabla ya rangi na rimu, weka silinda kuu ya vyumba viwili, diski za mbele, na paipu mpya za mafuta, maana petroli ya sasa ina ethanoli inayokula mpira wa zamani. Bima ya magari ya kale yenye thamani mliyokubaliana huwa nafuu, ila kampuni nyingi zitataka uthibitisho kwamba una gari jingine la kila siku.

3. Dodge Challenger

La baba mwenye watoto wakubwa. Viti vya nyuma vinakalika, buti linameza masanduku ya safari, na uzalishaji ulikoma Desemba 2023, kwa hiyo yaliyopo ndiyo hayo. Ni zito, karibu tani mbili, usilitegemee kwenye kona. Ile V8 ya lita 6.4 ina farasi 485 kuanzia 2015. Kwa lita 5.7 sikiliza mlio wa tik-tik asubuhi: ukiisha injini ikipata moto, mara nyingi ni boliti ya ekzosi imekatika, usipoisha, huenda ni ndani ya injini, na hapo usiweke hata arubuni. Wezi wanayapenda sana haya, uliza bei ya bima kwanza.

4. Chevrolet Camaro SS, 2016 hadi 2024

Kwa kuendesha tu, linalishinda Mustang. Farasi 455. Lakini madirisha ni kama kuchungulia kupitia mlango ulioegeshwa. Kulirudisha nyuma sokoni ni dua.

5. GTO, Chevelle SS, Charger la 1968–70

Mazuri kuliko yote kwa macho yangu, na ndiyo yenye uongo mwingi kuliko yote, kwa sababu beji ya SS, alama ya toleo lenye nguvu, inanunuliwa dukani. GTO za 1966 hadi 1971 namba yake huanza na 242. Ikianza vingine, si GTO. Chevelle SS za 1966 hadi 1968 huanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza tu na namba haisemi chochote, kwa hiyo unahitaji karatasi ya kiwandani, na muuzaji anayesema ilipotea alipe hasara ya kupotea kwake kwenye bei. Yale yenye Hemi, ile V8 kubwa ya inchi za ujazo 426, sijayapanga kabisa. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda la wazi la 1971 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5, hayo si magari tena, ni viwanja.

Lolote la zamani utakaloliendea, mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, maana injini ikishapata moto huficha kasoro zake. Ukifika, salimia, weka mkono juu ya boneti. Likiwa la moto, kunywa chai yake, mshukuru, urudi siku nyingine alfajiri bila kupiga simu.