AET ya Uingereza: cheti cha mkufunzi chenye uzito kwenye dakika 15

Anayetaka kufundisha huduma ya kwanza au ulinzi nchini Uingereza hataishia kuulizwa uzoefu wa kazi. Ataulizwa pia cheti cha kufundishia. Cha kuanzia ni Level 3 Award in Education and Training, maarufu kama AET, kilichochukua nafasi ya PTLLS, cheti cha awali cha wakufunzi, mwaka 2013. Kina krediti 12: majukumu ya mkufunzi (3), mbinu za ufundishaji jumuishi (6) na upimaji (3). Hakuna sharti la kuwa na darasa lako tayari, kwa hiyo kinamfaa sana fundi au mhudumu wa wazee anayeijua kazi yake lakini hajawahi kusimama mbele ya watu.

Maandishi ni mengi ila yanavumilika. Uzito wa kozi uko kwenye somo fupi la majaribio: unafundisha wenzako kwa dakika zisizopungua 15 huku mwalimu akikuangalia, halafu unaandika kilichofaulu na kilichokwama. Mazoezi haya yanatakiwa kufika saa nzima, na asiye na darasa huitimiza kwa kufundisha tena au kuwaangalia wenzake kwa dakika 45 zilizobaki. Usizichukulie hizo kama muda wa kupumzika, maana ndipo unapoona mkufunzi akilipoteza darasa na kwa nini.

Wanaokwama mara nyingi mada wanaijua vizuri, ila wamebeba mambo mengi. "Usalama wa moto" hautoshi kwenye dakika 15. Chukua kipande kimoja: mpaka mwisho wa somo, mshiriki ataweza kuchagua kizima moto cha kutumia kwenye kifaa chenye umeme. Dakika 3 za kuuliza wanachokijua, 8 za kupanga kadi za rangi za vizima moto (nyekundu maji, krimu povu, buluu poda, nyeusi kabonidayoksaidi), 4 za kumpa kila mmoja tukio aamue. Kwenye andalio la somo, lengo likiandikwa "ataelewa", huna cha kupima. Tumia "atachagua", "atataja", "atafunga". Na swali la "mmeelewa?" si upimaji. Darasa zima litaitikia ndiyo, hata aliyeachwa tangu mwanzo.

Kwenye kuchagua chuo ndiko watu wanapoteza fedha. Kozi nyingi mtandaoni hutangaza cheti cha "CPD", yaani cha kujiendeleza kikazi, kwa bei ndogo. Hicho si AET. Cheti halali hutolewa na taasisi inayosimamiwa na Ofqual, mdhibiti wa vyeti na mitihani wa serikali, kama City & Guilds, Pearson au Highfield, na kina namba unayoweza kuitafuta kwenye rejesta ya Ofqual kabla ya kulipa. Uliza pia kama ada inajumuisha usajili, usahihishaji na marudio, na somo la majaribio litafanyika mbele ya nani. Chuo kisichoweza kujibu hilo la mwisho waziwazi, kiache. Bila wenzako wa kufundisha na mwalimu wa kukukosoa, unanunua karatasi.

AET haikufanyi mpimaji wa umahiri kazini. Kwa kazi hiyo kuna cheti kingine, CAVA, na hicho kinadai uwapime wafanyakazi halisi, kwa hiyo hakikisha mwajiri wako atakupa watu wa kuwapima kabla hujajisajili.