Msalaba wa gia ya Vespa nilionunua Mjini: uzoefu wangu

Ukionyeshwa msalaba wa gia wa Vespa (kipande kidogo cha chuma kinachokamata gia ndani ya injini) wa bei nafuu, uko ndani ya boksi lililoandikwa kuwa ni mali ya Italia, mrudishie muuzaji pale pale. Nimeufunga kwenye injini yangu kwa mikono yangu mwenyewe na haukumaliza hata msimu wa karafuu. Duka lililoniuzia silitaji, maana kutajana majina huleta kesi. Lakini yaliyonikuta hapo nitayasema yote, kwa sababu mpaka leo yamenikaa kooni.

Nakaa Wete, Pemba. Chombo changu ni Vespa PX 150, gia nne za mkono, oili inachanganywa na petroli. Sifa nyengine mnazijua. Asichokijua mtu wa Unguja ni kazi ya gia ya pili. Pemba ni vilima na mabonde: unatoka kwenye mpunga unapanda kwenye mikarafuu, ukifika juu unashuka tena. Unguja unaweza kukaa na gia ya pili mbovu na kazini ukaenda. Huku gia ya pili ikifa, chombo kimekufa.

Yangu ilianza kuchomoka baada ya masika. Kwenye tambarare inashika vizuri. Nikianza kupanda na gunia la karafuu mbichi nyuma, nikivuta mafuta tu, ka! Injini inapiga kelele na gurudumu halivutwi. Mwanzo ilikuwa mara moja moja, kisha ikawa kila mlima. Siku moja ikachomoka nimempakia mke wangu, tuko kwenye kona ya kupanda na gari ya abiria iko nyuma yetu inapiga honi. Hapo nikasema basi.

Mafundi wengi ukiwaeleza hivyo watakwambia giaboksi imekwisha, toa pesa. Usikubali haraka. Kuna waya mbili zinazotoka kwenye mkono wa kushoto mpaka kwenye kikasha kilichofungwa kwenye injini. Zikilegea, gia haiingii mpaka mwisho, na gia isiyoingia mpaka mwisho lazima itachomoka. Nikazikaza, nikajaribu mlima. Hali ni ile ile. Nikazilegeza kidogo upande wa pili, ikachomoka vile vile. Waya zingekuwa ndizo zenye kosa, kuzigusa kungebadilisha kitu. Halafu nikafungua nati ya kumwagia oili ya gia. Humo inatakiwa robo lita, oili namba 30. Iliyotoka ilikuwa pungufu, inanuka petroli, na ukiisugua vidoleni unahisi unga wa chuma. Tena siku hizo chombo kilikuwa kinatoa moshi mweupe mzito, na wala oili ya kwenye petroli sikuwa nimeizidisha. Vitu hivyo ukiviweka pamoja unapata jibu: sili ya kreni (mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini) upande wa klachi imechoka, injini inanyonya oili ya gia na kuiunguza, na petroli nayo inavuja kuingia kwenye gia. Kwa hiyo ni sili, na ni msalaba.

Kwa asiyeujua, msalaba ni kile kipande kidogo chenye mikono minne kinachokwenda mbele na nyuma ndani ya shafti. Gia zote nne zinazunguka bure juu ya shafti hiyo. Ile ambayo mikono ya msalaba imeikamata kwa ndani ndiyo inayovuta gurudumu. Pembe za mikono hiyo zikishakuwa mviringo, kila ukivuta mafuta zinateleza. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani, na kukifikia ni lazima injini uipasue nusu mbili.

Nikaamua kuipasua nyumbani. Vespa ni chombo kinachomruhusu mtu kufanya hivyo, na hapa nitamsifu aliyeitengeneza, Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, aliyeitoa mwaka 1946 injini, gia na gurudumu la nyuma vikiwa kitu kimoja, hakuna mnyororo. Unatoa waya, mpira wa petroli, bolti ndefu ya mbele na bolti ya shokapu, unanyanyua bodi, injini yote inabaki mbele yako. Nilifanyia uani, juu ya mkeka wa zamani. Mwanangu alikuwa anatia nati kwenye makopo na kuandika kila kopo nati zake zimetoka wapi. Ami yangu mmoja, fundi mstaafu wa hapa hapa Wete, aliniazima pula ya kuchomolea feni na spana yenye meno ya nati ya klachi. Hakutaka hata senti. Alisema neno moja tu: "Usitie bisibisi katikati ya nusu mbili ukazikongoa. Ukikwaruza hapo, oili itavuja mpaka unauza chombo." Nikapiga kwa nyundo ya mpira, polepole, mpaka ikaachia yenyewe.

Msalaba wa zamani nilioutoa ulikuwa umeliwa mikono miwili kama nilivyotarajia. Umefanya kazi miaka mingi, sina lawama nao.

Basi nikapiga simu Mjini, Unguja, kwenye duka lile. Na niseme haki: kwenye simu muuzaji alikuwa mpole sana. Aliniita ndugu yangu, aliniuliza hali ya Pemba, aliniambia msalaba anao, sili anazo, gasketi anazo, "vyote vya asili, usiwe na wasiwasi". Nikatuma pesa. Mzigo ukaja na boti mpaka Mkoani, ukapanda gari mpaka Wete, haukuchelewa wala haukupungua kitu.

Nikafunga kwa uangalifu ambao gereji nyingi hazina muda nao. Gia zikisharudi kwenye shafti, kuna nafasi ya kupima baina ya gia ya mwisho na pete ya kubana. Kitabu cha watengenezaji kinataka iwe kati ya milimita 0.15 na 0.40. Ikizidi, gia zinacheza na zitachomoka, ikipungua, zinabana. Nikapima kwa vile vibamba vyembamba, nikabadilisha washa moja nene zaidi, ikakaa ndani ya kipimo. Sili mpya, gasketi mpya, oili mpya. Nikawasha. Moshi umekata. Mlima wa kwanza gia ya pili imeshika kama imechomelewa. Siku ile ningeulizwa juu ya duka lile ningelipatia nyota zote.

Halafu, katikati ya msimu, ka!

Niliposikia mlio ule moyo ulinishuka. Nikajipa matumaini kuwa ni waya zimelegea. Nikakaza. Ka! Nikarudi mkekani, nikashusha injini tena, nikaipasua tena, gasketi nyengine imekwenda bure. Nafasi ya gia iko vile vile ndani ya kipimo. Sili kavu. Gia zenyewe kwa ndani zina pembe safi. Msalaba mpya mikono yote minne imeliwa, kuliko hata ule wa zamani uliotumika miaka.

Ami akaja kuuangalia. Akaingia ndani kwake akatoka na tupa. Akachukua msalaba wa zamani, akapitisha tupa kwenye ubavu wake: tupa ikateleza, haikuacha alama. Chuma kilichotiwa ugumu ndivyo kinavyofanya. Akachukua mpya, akapitisha mara moja: tupa ikauma kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa, unga ukamwagika mkekani. Akaniangalia, akanirudishia vyote viwili, wala hakusema kitu. Haukutiwa ugumu kabisa. Ni chuma cha kufanyia bawaba za mlango, kimechongwa umbo la msalaba na kuandikiwa Italia.

Baadaye kidogo nilikuwa na safari yangu ya Unguja, nikaifunga misalaba miwili kwenye kitambaa nikaenda nayo. Nilikwenda kwa nia njema. Nilidhani na yeye ameuziwa bila kujua, na mtu akiuziwa kibovu ni vizuri aambiwe.

Nikaingia dukani, nikatoa salamu. Assalamu alaykum. Wateja waliokuwepo wakaitikia. Yeye kimya. Nikasema hakusikia, nikairudia kwa sauti. Akanyanyua macho: "Unataka nini?" Jamani, salamu ile kuitikia ni wajibu. Huyu ndiye aliyeniita ndugu yangu kwenye simu nilipokuwa na pesa mkononi.

Nikamweleza. Akauchukua msalaba, akaugeuza mara moja, akauliza: "Nani kafungua injini?" Nikamwambia mimi. "Basi umeiharibu mwenyewe. Gia si kazi ya uani." Nikamwambia kipimo nilichopima. Hakusikiliza. Nikamwambia, bwana, pale juu ya meza yako kuna tupa, na nyuma yako kuna boksi jengine kama nililonunua. Toa msalaba mpya, upitishe tupa mara moja mbele ya watu hawa. Ikiteleza, nakuomba radhi na naondoka. Akaichukua ile tupa akaitia ndani ya mtoto wa meza. Halafu akasema, "Nyie wa Pemba mna maneno mengi."

Mzee mmoja aliyekuwa akingojea plagi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mjibu kwanza mwenzio salamu yake, halafu hayo ya chuma mtaongea." Mnajua alimjibu nini mzee wa watu? "Mzee, wewe nunua chako." Mtu aliyeweza kumzaa! Nikafunga kitambaa changu, nikamwomba mzee radhi kwa niaba ya asiyejua kuomba, nikatoka.

Pesa sikurudishiwa. Pesa yenyewe haikuwa nyingi, na kama angeniambia "samahani, hata mimi nimeuziwa", ningeisamehe na leo nisingeandika hata mstari mmoja.

Msalaba uliomo kwenye injini yangu sasa uliletwa na jamaa yangu kutoka Dar es Salaam. Kabla sijaufunga nilipitisha tupa kwenye kona isiyofanya kazi. Ikateleza. Tokea hapo gia ya pili haijachomoka, na nimepanda nayo vilima vyote vya huku na mizigo ambayo sikupaswa kuibeba.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema duka lile lote ni baya, msikanyage. Siwezi kusema hivyo, maana itakuwa uongo. Sili walizoniuzia ni nzuri, hazijavuja hata tone, na moshi haujarudi. Gasketi zao zinakaa sawasawa. Mzigo wanauleta kwa wakati, na sisi wa Pemba tunajua thamani ya hilo. Nilikwisha kuagiza sili kwengine zikaja ngumu zimepasuka. Kwa hiyo sili, nasema wazi, wanazo bora kuliko wengine niliowajaribu.

Lakini kila nikifika hapa nakumbuka ile tupa ikiingia ndani ya meza. Mtu anayeficha tupa anajua anachouza. Hakuuziwa bila kujua. Anajua, na anajua kuwa anayeumia ni mtu wa mbali, atakayegundua akiwa kwenye mlima na mke wake nyuma, na nauli ya boti kuja kulalamika ni kubwa kuliko bei ya msalaba. Basi hizo sili nzuri zinasafisha nini?

Sasa kuna beringi inaanza kulia upande wa feni. Si gia, maana hata ukiwa umebana klachi inalia, na inapanda sauti kadiri injini inavyozunguka. Msimu ukiisha nitapasua tena, na nikishapasua nitataka sili. Nilifikiri nimtume mpwa wangu anayesoma Mjini akaninunulie pale, mimi mguu wangu usiingie. Nikifikiri tena, kwa nini nimtume mtoto? Nitakwenda mwenyewe. Salamu nitaitoa vile vile, kwa sauti. Na tupa nitakuwa nayo yangu.