Miezi 14 na gesi ya kukatia chuma: uzoefu wangu kutoka gereji ya Vingunguti, Dar es Salaam

Kazi yetu ni matrela na chesisi za malori. Tunakata mabamba ya milimita 12 mpaka 25, tunapasha moto boriti zilizopinda ili tuzinyooshe, tunang'oa pini zilizoshikana na kutu tangu enzi za mwenye lori wa kwanza. Miaka yote tulitumia oksijeni na asetilini kama gereji nyingine za huku. Tatizo likawa kuipata asetilini yenyewe. Unapiga simu, unaambiwa Jumatatu. Jumatatu unaambiwa Alhamisi. Alhamisi simu haipokelewi.

Gesi ya mitungi, LPG, wakati huohuo iko kila kona. Tangu Serikali ishike bango la nishati safi ya kupikia, na ule mkakati wa 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, hata duka la nafaka mtaani kwetu limepanga mitungi nje. Nikaona wapishi wametufungulia njia. Nikaamua kuhamia huko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ninabadilisha mtungi tu. Nilinunua regulata ya LPG, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, vingine nikaacha vilevile: mpira mwekundu wa zamani, mkono wa kukatia wa zamani, na nozeli ya zamani, ile ncha inayotoa moto. Moto uliwaka, lakini ukawa unarukaruka mbele ya nozeli kama kitu kinachotaka kukimbia, mara unazimika kwa mlio wa paa. Tulihangaika na bamba moja la milimita 16 kutwa nzima, na mkato wenyewe ukatoka kama umeng'atwa na mbwa. Dogo wetu wa saidia fundi akasema, "Bosi, hii gesi ni ya maharage, tuwaachie akina mama." Nilikaribia kukubaliana naye.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja muuza vifaa pale mitaa ya Gerezani. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua nozeli yangu, akaiweka mezani, akaweka na nyingine pembeni yake, akaniambia, "Mwanangu, zitazame midomo." Yangu ya asetilini ilikuwa kipande kimoja, mdomo bapa. Ya propani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye LPG, ilikuwa vipande viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani kina mifereji kuzunguka mwili wake, na ncha yake imeingia ndani kidogo, haijafika mdomoni. Kumbe propani inaungua polepole kuliko asetilini, kwa hiyo moto wake unahitaji hicho kikombe kidogo cha kujishikiza, la sivyo unasukumwa mbele na kuzimika. Nilikuwa nimelaumu gesi wiki nzima kwa kosa la kipande cha shaba kinachoingia mfuko wa shati.

Tulipobadilisha nozeli, kazi ikabadilika. Lakini mikono nayo ilibidi ijifunze upya. Kwenye asetilini joto kali liko kwenye kile kidole cheupe cha ndani ya moto, unakisogeza karibu na chuma na baada ya muda mfupi chuma kimeiva. Kwenye propani sehemu kubwa ya joto iko kwenye moto wa nje, ule wa bluu mrefu. Ukiisogeza nozeli karibu kwa mazoea ya zamani utasubiri mpaka uchoke. Inua kidogo, elekeza ncha kwenye ukingo wa bamba, vumilia. Kuanza kukata kunachelewa, hilo sitalificha: moto wa propani na oksijeni unafika kama nyuzi 2,800 za Selsiasi, wa asetilini unapita 3,100. Ila mkato ukishaanza, anayekata ni oksijeni, na hapo sioni tofauti ya mwendo. Tena ukingo wa juu unatoka safi zaidi, hauyeyuki na kuviringika, na takataka za chini zinabanduka kwa nyundo ndogo.

Sasa akiba. Watu wanaoniuliza wanataka kusikia tu kwamba LPG ni rahisi. Ni rahisi, lakini mtungi wa oksijeni nao una mdomo. Asetilini inahitaji oksijeni kidogo tu zaidi ya ujazo wake kwenye moto wa kupashia, propani inataka kama mara nne ya ujazo wake. Mtungi wa oksijeni uliokuwa unatufikisha siku tatu sasa unaishia siku ya pili mchana. Kwa mabamba mazito na kazi ya kupasha moto, bado tuko mbele. Kwa anayekata vipande vifupi vifupi vya bamba jembamba, kila mara anaanza upya kupasha, sidhani kama hesabu itamkubali. Na kuchomelea chuma kwa propani usijaribu, moto wake haufai kazi hiyo. Kubreizi, yaani kuunganisha vyuma kwa shaba iliyoyeyushwa, sawa.

Regulata nayo ina mambo. Jirani yetu fundi mageti alisikia tumehamia LPG, akaja na regulata ya jiko la nyumbani kwake. Ile ya jikoni imefungwa kwenye presha ya milibar 30 hivi, ukiifunga kwenye mkono wa kukatia ni kama kumwagilia shamba kwa kijiko. Unahitaji ya viwandani, yenye geji na skrubu ya kurekebisha. Kiwango cha kuweka nakisoma kwenye chati ya nozeli. Mara nyingi ni chini ya nusu bar (milibar 500), na mafundi wengi wanazidisha kwa kudhani moto mrefu ndio moto mkali. Halafu nati za upande wa gesi zina mikato pembeni na zinafungwa kwa kuzungusha kinyume. Dogo alivunja moja kwa nguvu zake zote akidhani imekaza.

Nifike kwenye lile lililonitisha.

Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama hii ni gesi ya Mtwara. Hapana. Ile ya Mnazi Bay na Songo Songo inayokuja kwa bomba ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda na kuondoka. Hii ya mitungi inaletwa kwa meli, ni propani na butani zimechanganywa, na zote ni nzito: propani ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa, butani ni kama mara mbili. Ikivuja inatambaa chini kama maji na kutafuta bonde. Na gereji yetu ina shimo la kukagulia magari.

Jumatatu moja nilifungua geti saa moja asubuhi nikanusa harufu kwa mbali, ile ya mayai viza. Harufu hiyo inawekwa makusudi, gesi yenyewe hainuki. Mlangoni ilikuwa hafifu. Nilipokaribia shimo ilinipiga usoni. Jumamosi jioni tulikuwa tumefunga koki za mkono wa kukatia, lakini mtungi wenyewe tuliuacha wazi, na mpira ukavuja siku moja na nusu. Nageuka, namwona dogo ananyoosha mkono kwenye swichi ya feni, nia yake njema kabisa, atoe harufu.

"Dogo, toa mkono hapo! Usiguse kitu!"

Hewa ikiwa na propani ya asilimia 2 hivi, cheche ya swichi inatosha. Na ukutani kwetu, hatua kumi hazifiki, mama ntilie alikuwa ameshawasha jiko la mkaa. Nikaenda mbio. "Mama, shikamoo, naomba uzime jiko sasa hivi, gesi imevuja." Akaniangalia, akaangalia karai. "Marahaba. Na maandazi yangu, baba?" Nikamwambia nanunua yote, yaliyoiva na mabichi. Akamwaga maji. Nilirudi nikafunga koki ya mtungi, tukafungua mageti ya pande zote mbili, tukatoka watu wote, tukakaa ng'ambo ya barabara tukila maandazi mpaka saa tano. Hatukuwasha feni, hatukushuka kuchungulia, wala hatukutumia pua kupima kama imeisha, maana pua huizoea harufu ikaacha kuisikia. Namba ya Zimamoto, 114, ilikuwa kwenye simu tayari. Nikikumbuka leo, ningepiga mara moja badala ya kuishika tu.

Chanzo tulikipata kwa povu la sabuni. Chini ya klampu mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo, na povu likatoka hapo kama sufuria inayochemka. Ni ule mpira mwekundu niliouhamisha kutoka asetilini. Mwekundu ni wa asetilini, wa LPG ni wa rangi ya machungwa, wa oksijeni bluu. Ndivyo kiwango cha ISO 3821 kinavyosema, na rangi hizo zimewekwa kwa sababu. LPG inakula utando wa ndani wa mpira usioandaliwa kwa ajili yake. Mpira mpya ulinigharimu chini ya yale maandazi na nusu siku ya kazi.

Siku hizi mitungi iko nje, kwenye kizimba cha nondo upande wa pili, mbali na shimo na mbali na mtaro. Kila jioni gesi inafungwa kwenye koki ya mtungi wenyewe, na anayefunga ni mimi. Nimeweka vali za kuzuia moto kurudi kwenye mipira yote miwili, upande wa regulata na upande wa mkono. Ziliuma mfukoni, ni kweli. Ila ukiwahi kusikia moto ukiingia ndani ya mkono wa kukatia na kupiga mluzi, hutauliza bei tena. Likitokea hilo, funga oksijeni kwanza, kisha gesi, na usiwashe mpaka ujue kwa nini.

Jingine ni ukubwa wa mtungi. Tulianza na wa kilo 15. Kukata ulitosha, lakini tulipofunga nozeli kubwa ya kupashia boriti, baada ya muda mtungi ulianza kutoka jasho, halafu ukaota barafu nje, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Moto ukanywea. Gesi humo ndani ni kimiminika, inahitaji joto la hewa ili igeuke mvuke, na ukiivuta kwa kasi inajigandisha yenyewe. Deiwaka mmoja akapendekeza tuupashe mtungi moto kidogo. Kidogo! Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi. Tulihamia wa kilo 38 na tatizo likaisha kwa kazi zetu. Faida moja ya lile jasho: mstari wake unakuonyesha kimiminika kimefikia wapi.

Usafiri sitasema mengi. Mtungi unasimama wima, kwenye kirikuu, umefungwa kamba. Aliyeniletea mara ya kwanza aliulaza kwenye bodaboda kama gunia la mkaa. Simtumii tena. Na mafundi wanaotoka kula sambusa wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa regulata ya oksijeni, kwa sababu mafuta na oksijeni ya mgandamizo havikai pamoja.

Kama ni nyota, seti nzima naipa nne kwa tano kwa kazi nzito. Moja nimeikata kwa uchelewaji wa kuanza na kwa ulaji wa oksijeni. Mtungi mmoja wa asetilini bado ninao, wa kuchomelea mabomba membamba ya breki na kukata vipande vya haraka. Siku hizi unakaa miezi bila kubadilishwa, na yule wa Alhamisi ndiye anayenipigia simu sasa.