Nyumba ya mawe ya kupanga Lamu Mjini: tazama birika kabla ya zidaka

Mgeni anayehamia Lamu kutoka nchi nyingine, awe Mtanzania, Mkongo au Mjerumani, akionyeshwa nyumba ya mawe kwa mara ya kwanza hutekwa na vitu vitatu: mlango wa nakshi, zidaka (vishubaka) za ukutani na upepo wa darini. Vyote ni vya haki. Lakini hakuna hata kimoja kitakachomfaa siku bomba likikauka. Tathmini hii inahusu nyumba za Mkomani na Langoni zinazopangishwa kwa miezi sita au mwaka, si vyumba vya watalii wa siku tatu. Uamuzi wetu: zinakalika, tena vizuri, ila kodi haipimwi kwa uzuri wa plasta.

Anza na maji. Maji matamu ya mji hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na bombani hayaji saa zote. Kwa hiyo nyumba nzuri ina hatua tatu: birika (hodhi ya maji iliyojengwa) au tangi la chini linalopokea maji yanapofunguliwa, pampu, na tangi la juu. Watu wawili wanaoga, wanapika na kufua kwa lita 150 hivi kwa siku. Tangi la lita 1,000 litawapitisha siku sita, saba wakijibana. Lita 1,000 ni tani moja. Tazama tangi limekaa wapi: likiwa juu ya ukuta mnene, sawa, likiwa katikati ya dari iliyobebwa na boriti, angalia chini yake kama boriti zimepinda. Halafu angalia urefu. Tangi likilingana na bomba la kuogea, maji yatatiririka kama machozi, kwa sababu kila mita moja ya kimo huongeza msukumo kidogo tu, kama moja ya kumi ya baa. Mita mbili juu ya kichwa ndicho kiwango cha chini kabisa.

Nyumba nyingine zina kisima chao, na mwenye nyumba atakwambia maji hayakatiki kamwe. Kweli hayakatiki. Onja. Yakiwa na munyu, sabuni haitatoa povu, birika la chai litavaa utando mweupe, na hita ya umeme ya bafuni itakufa mapema kama si ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Madukani zipo za aina zote mbili na sura zao zinafanana, soma boksi. (Maji ya moto yenyewe, tukisema kweli, Lamu ni anasa isipokuwa asubuhi chache za Julai.)

Sasa kuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni ukakauka. Tatizo huja fundi anapofunika kwa simiti ili ukuta uonekane mpya. Unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu miwili mitatu plasta inavimba na kuanguka vipande. Jaribio ni jepesi: chuchumaa, pitisha kiganja ukutani kwenye kimo cha goti. Ukipata unga mweupe kidogo kwenye chokaa, hilo ni la kawaida. Ukigonga simiti ikasikika tupu ndani, jua ukuta utakuangukia vitabuni. Usihamie nyumba iliyopakwa rangi jana. Rangi mbichi huficha madoa ya masika.

Juu, tafuta madoa ya maji kwenye vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani. Hapo ndipo huoza kwanza. Paa la makuti likiwa limelala badala ya kusimama wima, litavuja masika yakianza Aprili, hata likiwa jipya. Na ukiona vumbi laini la mbao sakafuni chini ya boriti ileile kila asubuhi, wadudu wako kazini. Mwambie mwenye nyumba kabla ya kusaini.

Boriti hizo za mikoko ndizo zilizoamua umbo la vyumba. Urefu wake unaotumika ni kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Kitanda cha futi sita kwa sita kinakula mita 1.83, unabaki na kijia cha kupita ubavu ubavu. Kabati la milango mitatu halitapanda ngazi: ngazi ni nyembamba, zina kona na dari fupi. Watu huagiza kabati kwa seremala, linaletwa mbao mbao na kuunganishwa chumbani. Chukua futikamba, pima kona ya ngazi, si mlango.

Mizigo yenyewe huja hivi. Basi kutoka Mombasa au Malindi huishia Mokowe, bara. Kutoka hapo ni boti. Ukija kwa ndege unashuka Manda, nako ni boti pia. Uliza maji yanajaa saa ngapi. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, boti hazifiki kwenye ngazi zote za pwani, na friji itabebwa mabegani juu ya tope. Barabara ya ufukoni mkokoteni unapita. Ndani ya vichochoro ni punda au hamali. Punda hubeba kwa shogi (mifuko miwili ya mgongoni), mzigo ukiwa umegawika sawa pande mbili, kwa hiyo vunja maboksi makubwa kuwa mengi madogo. Patana bei hadi mlangoni, darini iwe bei yake kando.

Umeme ni wa tokeni, yaani wa kulipia kabla. Dai nyumba yenye mita yake pekee. Mita ya kushirikiana na jirani ni ugomvi uliolipiwa mapema. Kabla ya kulipa amana, andika namba ya mita, nunua tokeni ya pesa kidogo kwa M-Pesa, Paybill 888880, namba ya mita ikiwa ndiyo akaunti, kisha ingiza tarakimu 20 ukiwa umesimama hapo hapo. Jaribio hilo linafichua mambo mawili. Kwanza deni: mita yenye deni la zamani hukata sehemu ya pesa zako na kukupa yuniti chache. Pili, mita iliyofungiwa katika nyumba tupu: mita zisizosasishwa kufikia Novemba 24, 2024 hazipokei tokeni mpya mpaka ziingizwe namba za kusasisha kwanza. Hilo hurekebishika, lakini mwenye nyumba ndiye alifanye, si wewe gizani.

Laini ya simu na M-Pesa utasajiliwa kwa pasipoti. Ukikaa zaidi ya siku 90, sheria inataka ujisajili kama mgeni mkazi, kazi inayoanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Usingoje siku ya 89.

Mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa heshima na mmezungumza vizuri dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Yaandikwe mambo haya: nani anatengeneza pampu, nani analipa maji ya kununua bomba likikauka, na kwamba mwenye nyumba hataidai nyumba Desemba au wakati wa Maulidi, ambapo mgeni wa wiki moja hulipa zaidi yako. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo usitoboe ukuta kuweka kiyoyozi bila idhini. Hukihitaji: lala ghorofa ya juu, fungua pande mbili, kusi au kaskazi itapita.

Kiswahili chako cha shule kitaeleweka, ila jirani atakuambia *nti* kwa nchi, *ndia* kwa njia na *mato* kwa macho. Usimsahihishe.

Mwisho, vile visamaki vidogo unavyoviona ndani ya birika la zamani si uchafu. Vimewekwa kula viluwiluwi vya mbu. Ukisafisha birika, vitoe kwanza kwenye ndoo yenye maji yaleyale, vifunike kivulini, kisha virudishe. Na usimwage klorini humo. Maji ya kunywa yachemshe jikoni.