Kozi ya uboreshaji huduma kwa manesi: moduli ya 3 ndo imerudisha hela yangu

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya manesi kuongoza maboresho wodini, moduli 6, naisoma nikitoka shifti za usiku, na kiukweli mbili za kwanza nilisinzia. Historia tu, Nightingale, yule mwasisi wa uuguzi wa kisasa, na takwimu zake za vita vya Crimea, halafu Donabedian, daktari aliyeandika kuhusu kupima ubora wa huduma, na makala yake ya 1966, kwamba unaangalia miundo, mchakato, matokeo. Sio mbaya ila ni mambo ya dakika kumi wameyavuta saa nzima.

Moduli ya 3 sasa ndo penyewe. Ni PDSA, yani panga, jaribu, chunguza, amua, na yale maswali matatu yanayotangulia: tunataka kufikia wapi, tutajuaje kama badiliko limeleta nafuu, na tubadilishe nini. Nilidhani naijua, kumbe miaka yote sisi tunapanga na kufanya basi, fomu mpya inaletwa wodi nzima Jumatatu, wiki mbili baadaye hakuna anayeijaza. Mwalimu anasema anza na nesi mmoja, mgonjwa mmoja, shifti moja. Nikajaribu kwenye vidonda vya kulalia, nikamwomba mwenzangu ajaze skeli ya Braden, ile ya kupima hatari ya mgonjwa kupata vidonda hivyo, wakati wa makabidhiano badala ya mwisho wa shifti, siku ya kwanza tu tukagundua fomu iko ndani ya faili na faili saa hiyo liko na madaktari raundi. Kitu kidogo hivyo! Tungeanza na wodi nzima tungeishia kusema manesi wavivu.

Pia wanakufundisha kupima unachoweza kuharibu kwingine, maana ukiongeza kugeuza wagonjwa, dawa za saa mbili zinaweza kuchelewa na hakuna anayehesabu. Hilo sikuwahi kuliwaza.

Walipoboronga ni modeli ya Iowa, yani hatua za kuingiza ushahidi wa utafiti kwenye huduma. Mishale kibao kwenye slaidi, ila hawakazii kwamba kwanza unauliza kama jambo lenyewe ni kipaumbele hapo hospitali na kama ushahidi unatosha, ndo ujaribu kwa kiwango kidogo. Na nani atakuachia muda wa kukusanya data, incharji akikataa unafanyaje, kimya kabisa. Yani niongoze maboresho kwenye muda wangu wa chai? Kwizi nazo za kukariri tu.

Nyota 3 na nusu. Ukiwa na haraka ruka moja kwa moja ya 3 na ya 4 ya kusoma chati za mwenendo, ila uwe umeshachagua tatizo la wodini kwako kabla hujafungua video.